Wazee Wetu na Kuanguka: Mazoezi, Swala na Wajibu wa Familia

Bismillaahir Rahmaanir Rahiym

Himdi zote anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala), na Rehma na Amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), jamaa zake, Maswahaba zake na wote waliowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma ba'ad:

Katika masuala yanayotufikia kwa wingi kutoka kwa familia za Unguja na Pemba, mengi yanahusu wazee. Mmoja anauliza kama mama yake aliyeanguka chooni anaruhusiwa kuswali juu ya kiti. Mwengine anauliza kama ni kukosa adabu kumwacha baba afagie uwanja ilhali watoto wake wamo ndani. Na wa tatu anauliza kama kumtilia mzee vyuma vya kushikia ukutani ni kuikimbia Qadari, kwani lililoandikwa litakuwa tu.

Masuala haya matatu yana mzizi mmoja, nao ni kuanguka kwa wazee. Tumeona bora tuyajibu kwa pamoja, tuchanganye aliyoyasema Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) na waliyoyasema wanavyuoni wa Fiqhi, pamoja na yale ambayo matabibu wameyathibitisha, ili familia ipate njia ya kufuata na sio nasaha tupu.

Ukubwa wa jambo lenyewe

Wengi wetu tunadhani kuanguka ni jambo dogo. Mtoto huanguka mara kumi kwa siku na akainuka akacheza. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 684,000 hufariki kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya hao ni katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Katika vifo vya ajali, kuanguka ni sababu ya pili baada ya ajali za barabarani, na wanaofariki kwa wingi zaidi ni waliopindukia miaka 60. Shirika hilo pia linasema kuwa kati ya watu wenye miaka 65 na kuendelea, karibu mmoja katika kila watatu huanguka angalau mara moja kwa mwaka.

Tena kifo si mwisho wa hesabu. Mzee akivunjika nyonga, mara nyingi hatembei tena kama alivyokuwa akitembea. Huanza kulala kitandani, akapata vidonda vya mgongo, kifua kikamjaa, na nyumba nzima ikageuka kuwa wodi. Binti huacha biashara yake amuuguze. Mtoto wa kiume huuza alichonacho kwa matibabu. Na mzee mwenyewe, aliyekuwa akiisikia adhana ya Alfajiri akanyanyuka, sasa anaisikia amelala.

Uzee ni kitu kimoja, kuanguka ni kitu chengine

Neno tunalolisikia zaidi mzee anapoanguka ni: "Ni uzee tu." Hapa pana kosa linalohitaji kurekebishwa.

Ni kweli kuwa Allaah ('Azza wa Jalla) ametueleza katika Suratur Ruum aya ya 54 kuwa ametuumba katika udhaifu, kisha akatupa nguvu baada ya udhaifu, kisha baada ya nguvu udhaifu na mvi. Na katika hadithi ya Usaamah bin Shariyk (Radhiya Allaahu 'anhu), waliyoipokea Abu Daawuud na At-Tirmidhiy, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliwaamrisha watu wajitibu, akaeleza kuwa Allaah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa mmoja tu, nao ni ukongwe.

Basi uzee wenyewe hauna dawa. Lakini tutazame vizuri: kinachomwangusha mzee si idadi ya miaka. Humwangusha misuli ya mapaja iliyolegea kwa kukaa kitako mchana kutwa. Humwangusha mtoto wa jicho asiyetibiwa, ganzi ya miguu inayoletwa na kisukari, dawa ya presha inayomtia kizunguzungu akinyanyuka, dawa ya usingizi, sakafu ya vigae iliyomwagika maji, ngazi isiyo na taa, na kandambili zilizolika nyayo. Yote haya yana namna ya kushughulikiwa, na yamo ndani ya ile amri ya kujitibu. Hayamo ndani ya ule ukongwe uliovuliwa.

Je, kuchukua tahadhari ni kuikimbia Qadari?

Hapana. Imepokewa katika Sunan At-Tirmidhiy kuwa mtu alimuuliza Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kama amfunge ngamia wake na ategemee kwa Allaah, au amwache huru na ategemee. Akamwelekeza amfunge kwanza, kisha ategemee. Taa ya ngazini na chuma cha kushikia chooni ndiyo kamba ya ngamia kwa mzee wetu. Na Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala) ametukataza katika Suratul Baqarah aya ya 195 tusijitie wenyewe katika maangamizi.

Zaidi ya hayo, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametufundisha kuwa kuondosha chenye kuudhi njiani ni katika matawi ya imani, kama ilivyo katika Swahiyh Muslim. Ikiwa jiwe la barabarani linalomkwaza mpita njia tusiyemjua lina daraja hiyo, basi vipi kuhusu zulia lililokunjika njiani mwa mama aliyetuzaa?

"Kaa tu mama, tutakufanyia"

Hapa ndipo penye jambo zito, na tunaomba wasomaji watuvumilie, kwa sababu linagusa mapenzi.

Watoto wengi wa visiwani, Alhamdulillaah, wanajua haki ya wazazi. Wameisoma Suratul Israa aya ya 23 na ya 24, na wanajua kuwa hata neno la kuguna hawaruhusiwi kumwambia mzazi. Kwa hivyo mzee anapofika miaka 65 au 70 huambiwa apumzike. Maji anateketewa na kuletewa. Chakula kinamfuata alipo. Akitaka kunyanyuka, wajukuu wawili wanamvuta mikono. Akishika ufagio, ananyang'anywa. Nia ni njema na thawabu yake iko kwa Allaah In Shaa Allaah.

Lakini mwili una kanuni aliyouwekea Muumba wake: kiungo kisichotumika hunyong'onyea. Kwa kijana hilo huchukua muda. Kwa mzee ni haraka zaidi, hata siku chache za kulala kitandani humpunguzia nguvu za miguu kwa kiasi kinachoonekana. Mzee aliyekalishwa kwa mapenzi mwaka mzima hupoteza nguvu za kujinyanyua mwenyewe. Kisha siku moja usiku, wajukuu wamelala, haja inambana, anajaribu kunyanyuka peke yake. Hapo ndipo anapoanguka.

Kisha inakuja duara ya khofu. Aliyeanguka mara moja huogopa kuanguka tena, kwa hivyo hupunguza kutembea. Kwa kupunguza kutembea miguu huzidi kulegea, na miguu ikilegea khatari ya kuanguka huzidi. Familia nayo huogopa zaidi na kumkataza zaidi. Kila mmoja anadhani anamlinda, kumbe wote wanamsukuma kule kule wanakokuogopa.

Kwa hivyo jibu la aliyeuliza kuhusu baba anayefagia uwanja ni hili: ikiwa baba anapenda na anaweza, kumwacha afagie si kukosa adabu. Adabu ni kuhakikisha uwanja hauna utelezi, kuwa karibu naye, kumpokea anapochoka, na kutomwamrisha kazi kama mtumishi. Birrul waalidayn si kumfanyia mzazi kila kitu. Ni kumfanyia asichokiweza na kumsaidia abaki na anachokiweza.

Mazoezi yanazuia kuanguka?

Ndiyo, na hili limechunguzwa kwa mapana. Mwaka 2019 taasisi ya kimataifa ya Cochrane ilikusanya tafiti 108 zilizohusu wazee zaidi ya 23,000 wanaoishi majumbani mwao. Ilionekana kuwa mazoezi hupunguza idadi ya kuanguka kwa kiasi cha asilimia 23. Mazoezi yaliyochanganya kujenga mizani ya mwili na nguvu za misuli yalionesha kupunguza kwa asilimia 34. Ama kutembea peke yake, bila ya mazoezi ya mizani na nguvu, ushahidi wake katika kuzuia kuanguka haukuwa wa uhakika, ijapokuwa kutembea kuna faida nyingi nyengine kwa moyo, sukari na presha.

Na asiseme mtu, "Bibi yetu ameshachelewa." Mwaka 1990 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti wa Maria Fiatarone na wenzake uliofanywa Boston. Waliwachukua wazee 10 dhaifu wanaoishi katika nyumba ya kutunzia wazee, wastani wa umri wao ni miaka 90, wakawapa mazoezi ya nguvu za miguu kwa wiki 8. Waliomaliza, nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili kati yao wakaacha kutumia bakora. Na huko New Zealand, watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago walionesha mwaka 1997 kuwa wanawake wenye miaka 80 na zaidi, waliofundishwa mazoezi mepesi ya kufanya nyumbani, walianguka mara chache zaidi kuliko wenzao wasiofundishwa. Hawakuhitaji mashine wala ukumbi wa mazoezi.

Muongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye harakati za wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, mazoezi ya nguvu za misuli angalau siku 2, na mazoezi yanayochanganya mizani na nguvu angalau siku 3 kwa wiki. Asiyeweza kufikia kiwango hicho afanye anachokiweza. Na hiyo ndiyo kanuni yetu katika Dini pia, kama ilivyo katika Suratut Taghaabun aya ya 16: kumcha Allaah kwa kadiri ya uwezo.

Haya ni mazoezi ambayo mzee anaweza kuyafanya ndani ya nyumba yake, na mtu wa kumwangalia awe karibu:

1. Kunyanyuka kitini na kukaa tena. Kiti kiwe imara, kimeegemezwa ukutani. Aanze mara 5, kwa kujisaidia mikono akihitaji, kisha azidishe hadi 10 na apunguze kutumia mikono kadiri nguvu zinavyorudi. Kama litafanywa zoezi moja tu, liwe hili.

2. Kunyanyua visigino. Ashike meza nzito au fremu ya mlango, asimame kwa vidole vya miguu, ashuke polepole. Kisha anyanyue vidole na asimame kwa visigino.

3. Kusimama mguu mmoja mbele ya mwengine, kisigino kikigusa vidole, sekunde 10, huku ameshika pahala imara. Kisha abadilishe mguu.

4. Kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde chache, akiwa ameshika. Siku zikipita, ashike kwa vidole tu badala ya kiganja kizima.

5. Kutembea kwa upande kufuata ukuta, hatua 10 kwenda na 10 kurudi.

Wanaoanza wafanye kidogo kidogo na wazidishe wiki hadi wiki, kwani zoezi lisilozidishwa halijengi. Mwenye maradhi ya moyo, aliyepata kiharusi, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni, aonane na daktari kwanza. Na yeyote atakayepata maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kumkata, asimamishe papo hapo.

Kwa wanawake hakuna kizuizi cha kisharia katika haya. Ndani ya nyumba au uani, bibi na bintize wanaweza kuyafanya kwa stara na utulivu. Na wazee wanaume wenye uwezo wa kutoka, sisi visiwani kwetu tuna vikundi vya mazoezi mitaani, na tarehe 1 Januari ya kila mwaka ni Siku ya Mazoezi ya Kitaifa Zanzibar. Linalotakiwa ni kuchunga mipaka: vazi la heshima, kutochanganyika kusikofaa, na kutopitwa na Swala.

Hukumu ya mazoezi, na je Swala yenyewe haitoshi?

Asili ya mazoezi ni mubaha. Lakini wanavyuoni wana kanuni kuwa njia hupata hukumu ya linalokusudiwa. Anayefanya mazoezi ili aweze kusimama katika Swala yake, aende msikitini kwa miguu yake na asiwe mzigo, basi anatarajiwa thawabu kwa nia hiyo. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amefundisha kuwa mwili una haki juu ya mwenyewe, na kuwa Muumini mwenye nguvu ni bora na anapendwa zaidi na Allaah kuliko dhaifu, na wote wawili wana kheri. Alikuwa akienda Msikiti wa Qubaa kila Jumamosi, mara kwa kupanda na mara kwa miguu. Na katika dua zake alikuwa akijikinga kwa Allaah kutokana na kushindwa, uvivu na ukongwe, yote kwa pamoja.

Ama wanaosema kuwa Swala tano ni mazoezi tosha, tunawaambia: Swala ni ibada, na tunaiswali kwa kuwa Allaah ametuamrisha. Kusimama, kurukuu, kusujudu na kunyanyuka kutoka chini kunauweka mwili katika harakati, na hiyo ni rehma. Lakini ushahidi wa matabibu unazungumzia mazoezi yanayozidishwa uzito na ugumu hatua kwa hatua, na Swala haizidishwi wala haipunguzwi kwa ajili hiyo. Mzee aendelee na Swala yake, na aongeze mazoezi.

Mzee anayeogopa kuanguka: asimame, aegemee au akae?

Kusimama katika Swala ya faradhi ni nguzo kwa mwenye uwezo. Na dalili ya anayeshindwa ni hadithi ya 'Imraan bin Huswayn (Radhiya Allaahu 'anhu) katika Swahiyh Al-Bukhaariy: aswali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Kutokana na hadithi hii, na kwa mujibu wa madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy tunayoyafuata visiwani, tunapata ngazi zifuatazo.

Kwanza, anayeweza kusimama kwa kuegemea bakora au ukuta, asimame kwa kuegemea, na Swala yake ni sahihi. Asikimbilie kukaa. Imepokewa na Abu Daawuud kutoka kwa Ummu Qays bint Mihswan (Radhiya Allaahu 'anhaa) kuwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) mwenyewe, umri ulipokuwa mkubwa na mwili ukawa mzito, aliweka nguzo pahala pake pa kuswalia akiiegemea.

Pili, anayeweza kusimama kidogo tu, asimame kile kidogo kisha akae. Linalowezekana haliangushwi na lisilowezekana.

Tatu, ambaye kweli anakhofia kuanguka au kupata kizunguzungu, kwa alivyojijua mwenyewe au kwa kauli ya tabibu mwaminifu, huyo ana udhuru wa kukaa na halazimiki kurudia Swala. Watu wa bahari kama sisi tunaufahamu vyema mfano waliouleta wanavyuoni: abiria wa chombo anayekhofia kizunguzungu au kuzama akisimama, anaswali kwa kukaa. Mzee ambaye sakafu inamzunguka kama sitaha ya jahazi hali yake ni hiyo hiyo.

Nne, anayeweza kukaa chini na kusujudu kikamilifu, lakini hawezi kusimama, aswali chini. Kiti kingemkosesha sijda anayoiweza. Ama ambaye kuteremka na kunyanyuka ndiko kunakomwangusha, kiti ni rukhsa kwake. Asimame kwa kisomo akiweza, na aashirie rukuu na sijda, sijda ikiwa chini zaidi kuliko rukuu. Kiti kiwe na miguu minne imara. Viti vya plastiki vilivyochoka vimeshaangusha wengi.

Na rukhsa hufuata udhuru. Mzee aliyeswali kitini baada ya kuvunjika mguu, kisha akafanya mazoezi na nguvu zikamrudia, anarudi kusimama. Hili pekee linatosha kuwa sababu ya familia kumsaidia kufanya mazoezi.

Katika Swala za Sunna mambo ni mepesi zaidi, kwani inajuzu kukaa hata kwa mwenye uwezo, kwa nusu ya thawabu ya aliyesimama. Mwenye udhuru thawabu yake haipungui. Na Maimamu wetu wakumbuke, khasa katika Tarawehe, alivyoonya Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kuwa nyuma ya imamu wapo madhaifu, wazee na wenye haja.

Udhu na chooni

Pahala penye khatari zaidi ni chooni na penye maji. Mzee anasimama kwa mguu mmoja kwenye sakafu ya maji, mguu mwengine ameunyanyua kwenye beseni la kunawia. Hata kijana huteleza hapo. Mzee atawadhe amekaa juu ya kigoda, miguu ioshwe chini. Akihitaji kumiminiwa maji, amiminiwe. Al-Mughiyrah bin Shu'bah (Radhiya Allaahu 'anhu) alimmiminia maji Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akatawadha. Na rukhsa ya kupangusa juu ya khuffu kwa masharti yake, mchana na usiku wake kwa mkaazi, ni neema kwa mzee ambaye kuosha miguu mara tano kwa siku kunamtaabisha.

Choo cha kuchuchumaa kinahitaji chuma cha kushikia kilichofungwa ukutani kwa saruji, si msumari. Ndoo na kata viwe pahala pasipomlazimisha kuinama. Anayemsaidia mzee chooni achunge uchi wake na heshima yake. Wanawake wasaidiwe na wanawake wakipatikana, na dharura hukadiriwa kwa kiasi chake.

Misikiti nayo isisahauliwe. Sehemu za kutawadhia zenye ukoga, ngazi zisizo na pa kushika na mikeka iliyokunjika kingo ni amana kwenye shingo za kamati zake. Anayetaka sadaka ya kuendelea, chuma kimoja cha kushikia penye kutawadhia kinahudumia wazee wa mtaa kwa miaka.

Ndani ya nyumba na mwilini

Familia ipite nyumba yake kwa jicho la mzee, khasa usiku. Njia ya kutoka kitandani mpaka chooni iwe tupu na ina mwanga, na kwa kuwa umeme hukatika, tochi iwe chini ya mto. Zulia na mikeka midogo isiyokaza iondolewe. Vidaraja vya ngazi za nyumba za Mji Mkongwe, ambazo ni za wima na zenye kiza, vitiwe alama ya rangi nyeupe kingoni na kamba au ubao wa kushika. Kizingiti kiwe na rangi tofauti na sakafu. Kandambili zibadilishwe kwa viatu vyenye kisigino kilichofungwa. Kanzu na buibui visiburure. Wakati wa masika, saruji ya uani isuguliwe ukoga.

Akiamka Alfajiri, akae ukingoni mwa kitanda kwa muda kabla ya kusimama. Apelekwe kupimwa macho, kwani upasuaji wa mtoto wa jicho umeonekana kupunguza kuanguka. Dawa zake zote zikusanywe mfukoni apelekewe daktari azitazame, khasa za presha na za usingizi. Asiziache kwa rai yake mwenyewe. Na mlo wake usiwe chai na mkate peke yake. Misuli haijengwi bila ya samaki, mayai, kunde au choroko.

Na bakora si aibu. Nabii Muusa ('alayhis salaam) alipoulizwa juu ya fimbo yake, kama ilivyo katika Suratu Twaahaa aya ya 18, la kwanza alilolitaja katika kazi zake ni kuwa anaiegemea. Bakora ifike kwenye kifundo cha mkono mzee akisimama wima, iwe na mpira chini, na ishikwe kwa mkono ulio upande wa mguu mzima.

Akishaanguka

Asivutwe mikono kwa haraka. Aachwe atulie, aulizwe panapouma. Akiwa na maumivu makali ya nyonga au kinena, hawezi kuukanyagia mguu, au mguu umekuwa mfupi na umegeukia nje, basi hiyo ni dalili ya kuvunjika nyonga. Asikandwe, asivutwe wala asifungwe vijiti na mtu asiye na ujuzi. Apelekwe hospitali amelazwa, mguu ukiwa umetulizwa. Kila siku inayopotea kwa kukandwa ni siku ya khasara. Aliyegonga kichwa, khasa anayetumia dawa za kuyeyusha damu, apelekwe hata kama anasema hajambo.

Na hata akiinuka salama, kuanguka mara moja ni onyo. Wazee wengi hulificha wasije wakakatazwa kutoka. Tuwaulize kwa upole, na wakitwambia tusiwapokonye uhuru wao. Tutafute sababu, kisha tuanze naye mazoezi.

Ewe ndugu Muislamu, tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inawapa pensheni jamii wazee wenye miaka 70 na kuendelea, na hilo ni jambo jema. Lakini mzee hahitaji fedha peke yake. Anahitaji dakika kumi za mtoto au mjukuu wake baada ya Swala ya Alasiri, amshikie kiti akinyanyuka mara tano, na kesho mara sita. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amesema, kwa maana ya hadithi iliyopokewa na Abu Daawuud, kuwa kumheshimu Muislamu mwenye mvi ni katika kumtukuza Allaah. Na katika heshima kubwa ni kumsaidia aendelee kusimama mbele ya Mola wake.

Tunamuomba Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala) awahifadhi wazee wetu, awaponye walioanguka miongoni mwao, awarehemu waliotangulia, na asitutie sisi katika uvivu wala katika umri wa udhalili.

Na Allaah ni Mjuzi zaidi.